Kufuatilia supanova kwenye galaksi nyingine, tangu inapowaka hadi inapofifia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila habari za supanova zinapoenea, watu hukimbilia kuuliza: iko wapi, inang'aa kiasi gani, nitaiona? Wiki mbili baadaye maswali huisha. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu nyota iliyolipuka husimulia mengi zaidi inapofifia kuliko ilipowaka. Majibu haya yanategemea zaidi SN 2023ixf, iliyotokea kwenye galaksi ya M101. Nimechanganya na nyingine mbili: SN 2011fe ya galaksi hiyohiyo, na SN 1987A, ambayo watu wa Afrika Mashariki wangeweza kuiona bila darubini yoyote.

Supanova ni nini, na kwa nini tuitafute kwenye galaksi nyingine?

Ni nyota inayolipuka na kusambaratika. Zipo njia kuu mbili. Ya kwanza ni ya nyota nzito, zaidi ya mara 8 ya Jua, inayomaliza nishati ya kiini chake hadi kiini hicho kikaporomoka ndani kwa ndani. Hiyo ndiyo iliyotokea kwa SN 2023ixf. Ya pili ni ya kibete cheupe, yaani masalio ya nyota ndogo, kinacholipuka chote kama bomu la nyuklia. Hiyo huitwa aina ya Ia, na SN 2011fe ilikuwa ya namna hiyo.

Katika galaksi yetu, Njia Nyeupe, mara ya mwisho watu kuona supanova kwa macho ilikuwa mwaka 1604, kabla Galileo hajaelekeza darubini angani. Anayetaka kuiona leo hana budi kuchungulia kwa majirani.

SN 2023ixf iligunduliwaje?

Tarehe 19 Mei 2023 Koichi Itagaki, mpenzi wa nyota kutoka Yamagata, Japani, alipiga picha ya M101 na kuona nukta ambayo haikuwepo awali. Kwa saa za dunia ilikuwa 17:27. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa 2:27 usiku, watu wako mezani wanakula. Nukta ilikuwa na magnitudi 14.9 (kipimo cha mng'ao ambacho namba ndogo ndiyo angavu zaidi; maelezo yako hapa chini). Siku kama tano baadaye ilikuwa imekaribia 11.

Kilichonigusa ni yaliyofuata. Wapiga picha wa nyumbani katika nchi mbalimbali walirudi kwenye kumbukumbu za kompyuta zao na kukuta kwamba walikwisha kuipiga M101 usiku huohuo au uliotangulia, bila kujua. Picha zao ndizo zilizosaidia kubana muda wa mlipuko hadi tarehe 18 Mei. Usifute picha zako za zamani.

Jina "2023ixf" lina maana gani?

Ni mwaka na zamu. Za kwanza 26 za mwaka hupewa herufi moja kubwa, A hadi Z. Kisha zinakuja herufi ndogo mbilimbili, aa hadi zz, kisha tatutatu. Ukihesabu hadi ixf unafika ya 6,714, na mwaka haujafika hata nusu! Hesabu hiyo inajumuisha kila nukta mpya iliyoripotiwa, si supanova zilizothibitishwa pekee. Mwaka 1987 ile iliyotikisa dunia nzima iliitwa A, kwa kuwa ilikuwa ya kwanza.

Magnitudi inasomwaje? Mbona namba ikipanda nyota inafifia?

Magnitudi ni daraja la mng'ao, na inafuata desturi ya kale ya kuziita nyota angavu "za daraja la kwanza" na hafifu "za daraja la sita". Namba kubwa ni nyota hafifu. Tofauti ya madaraja 5 ni mara 100 kamili, kwa hiyo daraja moja ni kama mara 2.5. Jicho tupu, mahali penye giza la kweli, hukomea karibu na 6.

Kwa hiyo supanova iliyotoka 14.9 hadi kukaribia 11 iliongezeka mng'ao mara 35 hivi, ndani ya siku tano. Na kwa kuwa M101 iko umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 21, nukta hiyo ya daraja la 11 ilikuwa inatoa mwanga wa Jua zaidi ya bilioni moja.

Je, inaonekana kutoka Kenya au Tanzania?

M101 inaonekana, ila haipandi juu sana. Ukiwa Nairobi hufika nyuzi 34 juu ya upeo wa kaskazini, na Dar es Salaam nyuzi 29. Kwa hiyo tafuta mahali ambapo kaskazini hakuna ghorofa, mwembe wala taa ya barabarani. Miezi mizuri ni Aprili hadi Juni. Mwisho wa Mei huwa juu kabisa kama saa 4 usiku. Pwani hapo masika yanamalizika, na Juni anga hutulia, hewa inakuwa kavu kidogo. SN 2023ixf ilikuja kwa wakati mzuri kwetu.

SN 2011fe haikuwa na hisani hiyo. Ilifikia kilele chake, karibu 9.9, katikati ya Septemba 2011, wakati ambapo M101 kwetu iko chini kabisa giza linapoingia na inazama muda mfupi baadaye. Ilikuwa angavu kuliko ixf, lakini kwetu ilikuwa ngumu zaidi.

Nitaipataje M101?

Tazama kaskazini utafute nyota saba za Dubu Mkubwa, zile zenye umbo la kata yenye mpini. Huku kwetu kata huonekana imefunikwa, mdomo chini. Nyota ya mwisho ya mpini ni Alkaid, na ya pili kutoka mwisho ni Mizar. Kata inapokuwa juu, chora akilini pembetatu ya pande zinazokaribia kulingana: Alkaid kileleni, Mizar chini kushoto, na M101 chini kulia. Kila upande ni nyuzi sita hivi, yaani upana wa vidole vitatu ukinyoosha mkono, na kidogo zaidi.

Hapa wengi hukata tamaa, maana vitabu husema M101 ina magnitudi 7.9 nao wanategemea kuiona mara moja. Namba hiyo ni jumla ya mwanga wote, na mwanga huo umetandazwa kwenye eneo linalokaribia upana wa Mwezi mpevu, kama kijiko cha maziwa kilichomwagwa kwenye karai la maji. Taa za mji huufuta wote. Usiku wangu wa kwanza kuitafuta ixf nilikuwa juu ya paa la nyumba, katikati ya mji, na galaksi yenyewe sikuiona hata kivuli. Nilisogea nyota hadi nyota kwa kufuata ramani, nikafika kwenye pembetatu ndogo ya nyota hafifu, na pembeni yake palikuwa na nukta moja zaidi ya zile za kwenye ramani. Ndiyo hiyo. Galaksi haikuonekana, nyota yake moja ikaonekana. Nilibaki nimeshika kingo za darubini, nimesahau hata kuangalia saa.

Nahitaji darubini kubwa kiasi gani?

Kwa daraja la 11, kipenyo cha sentimita 10 kinatosha mashambani, na sentimita 15 mjini ikiwa mboni zimezoea giza. Ikishuka hadi 13 utahitaji sentimita 15 hadi 20 na anga zuri. Kuanzia 14 kwenda chini, macho humwachia kamera.

Napimaje mng'ao kwa macho tu?

Kwa kulinganisha. AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mng'ao, kilichoanzishwa mwaka 1911, hutoa bure ramani za eneo lolote zikiwa na nyota linganishi zilizopimwa tayari. Kwenye ramani hizo namba huandikwa bila nukta, ili nukta isidhaniwe kuwa ni nyota. Ukiona 118, soma 11.8.

Chagua nyota moja inayong'aa kidogo kuliko supanova na nyingine iliyo hafifu kidogo kuliko hiyo. Tuseme ni 11.2 na 11.9. Gawa nafasi iliyo kati yao sehemu kumi, kisha jiulize: supanova imekaa sehemu ya ngapi kutoka kwenye ile angavu? Ikiwa ya tatu, jibu ni 11.4. Andika hapohapo. Ukizoea, makosa yako yatakuwa 0.1 au 0.2, na watu wengi wakichangia makosa hayo hupungua.

Zingatia mambo haya, kwa kuwa kila moja huharibu kipimo kimyakimya. Usisome makadirio ya wenzako kabla ya kuandika lako. Jicho huona lilichoambiwa. Nyota zote mbili ziweke karibu na katikati ya kioo kwa zamu, maana pembeni lenzi hupunguza mwanga. Nukta hafifu itazame kwa pembe ya jicho, ambako kuna uwezo zaidi wa giza. Na supanova ikianza kuwa nyekundu, kama ixf ilivyokuwa ikipoa, usiikodolee: nyekundu ikitazamwa kwa muda mrefu huonekana kuzidi kung'aa. Tupia jicho, ondoa, tupia tena.

Ixf ilikuwa na mtego wake mwingine. Ilikuwa jirani na NGC 5461, wingu kubwa la gesi linalong'aa ndani ya mkono wa M101. Ukitumia ukuzaji mdogo, unaweza kuvihesabu vyote viwili kuwa nyota moja.

Saa niandike vipi?

Swali hili ni letu hasa, na ningependa kila mtu wa Afrika Mashariki alisome mara mbili.

Vipimo vyote huandikwa kwa saa za dunia, UT, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Sisi tuna hatua moja zaidi kabla ya hiyo: saa ya Kiswahili. Saa 4 usiku ni 22:00 kwa saa za Afrika Mashariki, nayo ni 19:00 UT. Miezi yangu ya mwanzo niliandika daftarini "4:00", nikaja kutoa tatu siku nyingine nikiwa nimesahau, nikapata 1:00 UT. Vipimo vyangu vikawa vimerudi nyuma saa 18. Kwa nyota inayobadilika polepole usingejua. Kwa supanova inayopanda kwa kasi, nukta zangu zilikaa peke yao kando ya mchoro, nami nikadhani macho yangu mabovu. Tangu hapo daftari langu lina safu mbili: saa ya Kiswahili nikiwa bado gizani, na UT kabla sijalala.

Wanaastronomia hutumia pia siku ya Julian, hesabu moja isiyokatika ya siku. Hubadilika saa 6 mchana UT, yaani saa 9 alasiri kwetu, kwa hiyo usiku wako wote hubaki ndani ya siku moja. Ugunduzi wa Itagaki uliangukia 2460084.227.

Kwa nini inafifia? Na mbona haififii mara moja?

Joto la mlipuko wenyewe lingepotea upesi, kwa sababu gesi inayotanuka hupoa. Kinachoendelea kuwasha taa ni mionzi. Ndani ya mlipuko hutengenezwa nikeli-56, ambayo nusu yake hugeuka kobalti-56 kila siku 6. Kobalti nayo nusu yake hugeuka chuma kila siku 77. Kila badiliko hutoa nishati, na mabaki ya nyota huipokea na kuitoa kama mwanga.

Sasa tazama mchoro wa mng'ao dhidi ya siku. Supanova ya aina ya Ia hupanda kwa wiki mbili na nusu hivi, hufika kilele, kisha hushuka haraka. Ya kawaida hupoteza daraja moja na kidogo la mwanga wa buluu katika siku 15 tu baada ya kilele. Hiyo ni kwa sababu haina blanketi kubwa la kuhifadhi joto.

Nyota nzito kama ya ixf ilikuwa jitu kuu jekundu, yaani nyota iliyovimba mno, lililojaa haidrojeni. Mlipuko huichana haidrojeni hiyo, elektroni zikatengana na viini. Ikitanuka na kupoa hadi nyuzi 6,000 hivi, zinarudiana, na gesi inaanza kupitisha mwanga kama kioo. Hali hiyo huanzia tabaka la nje na kuingia ndani taratibu, kama kitunguu kinachomenywa, na kila tabaka likifunguka hutoa joto lililokuwa limefichwa chini yake. Ndiyo maana mng'ao hukaa karibu tambarare kwa wiki nyingi. Kwa supanova nyingi za namna hii tambarare huchukua siku kama 100. Kwa ixf zilikuwa 80 hivi, na zenye mteremko kidogo. Tabaka la mwisho likimalizika, mng'ao huporomoka ghafla, kisha hushika mstari mnyoofu wa kobalti: karibu daraja moja kwa kila siku 100.

Mporomoko wa ixf ulikuja Agosti 2023. Waliokuwa wameacha kutazama Juni waliukosa. Hadi mwaka unaisha ilikuwa imeipita 14.

SN 1987A ilikuwa na nini cha pekee?

Iligunduliwa tarehe 24 Februari 1987 na Ian Shelton na Oscar Duhalde kwenye kituo cha darubini cha Las Campanas, Chile, kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo miaka ya nuru 168,000 kutoka kwetu. Siku moja kabla, vyombo vilivyochimbiwa ardhini Japani, Marekani na Urusi vilikuwa vimenasa nyutrino zake, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, jumla kama dazeni mbili. Zilitoka kwenye kiini kilipoporomoka, saa kadhaa kabla ya mwanga kupenya nje.

Wingu hilo ni la anga la kusini, na mabaharia wa pwani yetu walikuwa na alama karibu nalo: nyota Suheli. Ukiitazama Suheli usiku wa Februari kisha ukashuka kuelekea upeo wa kusini, unafika kwenye doa jeupe kama moshi. Humo ndimo.

Mchoro wake uliwashangaza wataalamu. Haikupanda upesi na kushuka. Ilibaki hafifu, magnitudi 4 na zaidi, kisha ikaongezeka polepole kwa karibu miezi mitatu hadi 2.9 mwezi Mei. Sababu ilikuwa nyota yenyewe: Sanduleak -69 202 ilikuwa jitu kuu la buluu, dogo kuliko majitu mekundu. Nishati nyingi ya mlipuko iliishia kulitanua, na mwanga tuliouona ulikuwa hasa wa nikeli na kobalti zikijitokeza taratibu. Baada ya kilele ilishika mwendo wa siku 77 kwa uaminifu kiasi kwamba kutokana na mteremko huo peke yake ilikadiriwa kuwa nikeli iliyotengenezwa ilikuwa asilimia 7 ya uzito wa Jua. Kwangu huo ndio uzuri wa kufifia: unapima uzito wa kitu kwa kutazama kinavyozimika.

Nyota hiyo imekufa lini hasa?

Bibi mmoja jirani alichungulia ixf kwa darubini yangu akaniuliza hivyohivyo: "Mwanangu, imekufa lini?" Nikamwambia, miaka milioni 21 iliyopita, mwanga ndio unafika sasa. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi habari za msiba zimechelewa njiani." Sina maelezo bora zaidi ya hayo.

Ina hatari kwetu?

Hapana. Ili itudhuru ingebidi iwe ndani ya makumi machache ya miaka ya nuru. Hii ilikuwa mbali mno.

Kufifia kuna faida gani kwa sayansi?

Mwaka 1993 mwanaastronomia Mark Phillips alionyesha kwamba supanova za aina ya Ia zinazofifia polepole ndizo zenye mng'ao halisi mkubwa zaidi. Ukipima kasi ya kufifia, unajua ukali halisi wa taa. Ukilinganisha na unavyoiona, unapata umbali wake. Kwa kipimo hicho, mwaka 1998 timu mbili ziligundua kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunaongeza kasi, na Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess wakapewa Nobel mwaka 2011. Tuzo ilitangazwa Oktoba, wiki chache tu baada ya SN 2011fe, ya aina hiyohiyo, kufika kilele.

Supanova za mbali sana huonekana pia kufifia kwa mwendo wa pole, kwa kuwa nafasi yenyewe imetanuka wakati mwanga uko safarini. Iliyo mbali kiasi kwamba mawimbi ya mwanga wake yamerefuka mara mbili huchukua mara mbili ya siku kufifia.

Simu au kamera ya kawaida inafaa?

Kamera ya kubadilisha lenzi, ikiwa juu ya kiegemeo kinachofuata nyota, inafaa sana. Pima mwanga wa kijani peke yake, maana uko karibu na kipimo cha kawaida cha wanaastronomia, na useme hivyo unaporipoti. Hakikisha nyota linganishi hazijajaa hadi kupasuka nyeupe. Supanova ikifika 14 au 15, mwanga wa galaksi nyuma yake huanza kuingia kwenye kipimo. Hapo mwanga wa picha ya eneo hilohilo iliyopigwa kabla ya mlipuko huondolewa kwenye picha yako. Simu pekee haitoshi kwa daraja hili.

Nisipoiona tena, nimalizeje?

Andika ulichokiona. Tafuta nyota linganishi hafifu kuliko zote unayoiweza usiku huo, tuseme 13.2, na uripoti "hafifu kuliko 13.2", pamoja na saa. Hicho ni kipimo kamili, na kwenye mchoro huwekwa kama mshale unaoelekea chini. Kisha rudi baada ya wiki moja, usiku usio na mbalamwezi, uijaribu tena. Mara mbili nimeipata ixf hivyo, baada ya kudhani nimekwisha kuiaga.